Yule wa Kahawia

Jumamosi tatu alikuja, hakununua kitu.
Alisimama mbele ya tangi la chini, kofia mkononi,
theluji ya Ostrava ikiyeyuka mabegani mwake,
ikidondoka kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki.
Bosi wangu Hynek akanikonyeza: achana naye,
huyo amekuja kuota joto.

Jumamosi ya nne aliuliza bei ya mwanga.
Si ya taa. Ya mwanga.
Hapo nikamtazama vizuri: vidole vyenye chembe za makaa
zilizoingia chini ya ngozi zikakataa kutoka,
kama chale za buluu.
Miaka thelathini na moja shimoni, akasema,
na Desemba nilishuka gizani, nikapanda gizani.
Sasa nina tangi la lita mia tatu, lina mwaka na nusu,
matumbawe laini mawili, samaki mmoja mkorofi.
Nimesikia mna mnyama anayekula mwanga.

Si yeye hasa anayeula, nikamweleza.
Ndani ya joho lake amepangisha mwani,
wapangaji wasioonekana, wanaolipa kodi kwa sukari.
Akacheka. Wangu hawajawahi kulipa.

Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwa yule mdogo
wa buluu ya umeme, madoa ya kijani kama macho ya paka,
aliyejichimbia jiweni.
Wote huanzia hapo.
Taa zako za namna gani? Akataja.
Kina cha maji? Dhiraa moja, na shubiri juu yake.
Basi huyu atakufia.
Atakufa polepole, joho likipauka kuanzia katikati,
nawe utadhani anazidi kupendeza.

(Hynek akakohoa nyuma ya kaunta.
Yule wa buluu ndiye wa bei.)

Tukahamia kwa wale wa mchangani.
Pitisha mkono juu, usimguse, mpe kivuli tu.
Wa kwanza akakawia kufunga, kama mlinzi aliyesinzia.
Huyo hapana.
Wa pili tundu lake la kunyonya lilikuwa limeachama,
kinywa cha anayekata roho. Hapana.
Wa tatu tulimwinua: mguu umechanika.
Kuna mtu alimng'oa kwa pupa, na jeraha la pale halisamehe.
Chini ya wa nne, konokono weupe, punje za mchele,
wanaomfyonza usiku. Nikamtenga, nikaona aibu,
maana kumkagua ilikuwa kazi yangu.

Wa tano alikuwa wa kahawia.
Kahawia ya ganda la mkate, mistari ya dhahabu iliyochoka,
mkubwa kama ngumi ya mzee.
Kivuli kikapita: pap!
Ukingoni mwa gamba, ufito mweupe, upana wa ukucha,
gamba jipya. Huyu anakua.
Amezalishwa shambani, hakuibwa mwambani,
na taa za wastani anazivumilia.
Ila atakudai chokaa kila siku, nikaonya,
na miaka michache ijayo tangi litambana.

"Si mzuri," akasema.
"Si mzuri," nikakubali.
Akapitisha kivuli tena. Pap!
"Lakini ana wasiwasi unaofaa. Shimoni tungemwajiri."

Akatoka na mfuko wa maji ndani ya koti, kifuani,
nje nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri,
akielekea kituo cha tramu kama aliyebeba mayai.
Nikakumbuka sikumwambia apunguze taa wiki ya kwanza.
Nikamkimbilia bila koti.
"Sisi tulipopanda juu," akasema,
"tulifumba jicho moja kwanza."

Machi akapiga simu, amekasirika.
Alimweka kulia, karibu na jiwe.
Asubuhi akamkuta kushoto, amejisukuma mwenyewe,
uso kwenye taa.
Akamrudisha. Akahama.
Mara ya tatu, alipoinama juu ya tangi,
akamtemea maji, ya chumvi, miwani yote.

Mwache, nikasema.

Kimya kwenye laini, pampu ikinguruma nyuma yake.
"Nimeshamwacha," akasema Vendelín.
"Nilitaka tu kumshitaki kwa mtu."